Boma la tofali za kuchoma Bukoba: lenta inatosha kwa tetemeko?

Mwanakagera: Wakuu, tetemeko la Septemba 10, 2016 lilikuwa 5.9 tu, mbona lilibomoa nyumba nyingi hivyo? Chile wanapigwa 7 na nyumba zinabaki. Naanza boma la vyumba vitatu, tofali za kuchoma. Fundi anasema lenta (mkanda wa zege lenye nondo) juu ya milango na madirisha inatosha. Kweli?

MwambaChini: Hiyo 5.9 ni ukubwa wa tetemeko kwenye chanzo chake, si mtikisiko unaofika ukutani kwako. Kila namba moja ikipanda, nishati huongezeka takriban mara 32. Ila mtikisiko wa pale ulipojenga unategemea pia umbali, kina na udongo: udongo laini wa bondeni au kando ya ziwa hukuza mtikisiko kuliko mwamba. Halafu nyumba nyingi zilizoanguka Kagera zilikuwa za tofali zisizo na nondo. Ukuta wa aina hiyo hubeba vizuri uzito wa juu, lakini ukisukumwa ubavuni unapasuka. Chile wanajenga kwa kufuata kanuni kali za matetemeko, na zinasimamiwa.

NondoNaZege: Lenta inatosha kama imezunguka nyumba nzima bila kukatika, kuta za ndani zikiwemo. Vipande vya juu ya mlango peke yake (ndivyo wengi wanavyoviita lenta!) havifungi chochote.

Kwenye lenta weka nondo 4 za mm 12, ringi (vyuma vinavyozizunguka na kuzifunga nondo) za mm 6 kila sm 15. Ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani ya zege. Zikikunjwa kwa pembe mraba tu, hufunguka. Konani nondo zipinde na kupishana sm 60, maana zikiishia hapo tu, kuta mbili huachana. Ongeza nondo za wima kila kona, kutoka msingi hadi lenta. Zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), maji kidogo. Dirisha likae sm 60 au zaidi kutoka kona.

Mwanakagera: Na mchanganyiko wa kujengea tofali?

NondoNaZege: Saruji 1 kwa mchanga 6. Lowesha tofali kwanza. Zikiwa kavu hunyonya maji na saruji haishiki.

MwambaChini: Mkuu, ule ukuta wa pembetatu chini ya paa usiujenge kwa tofali. Huanguka mapema kwa kuwa juu haujafungwa. Ziba kwa mbao au bati, na kenchi (fremu za mbao za paa) zifungwe kwa nondo zilizochomoza kwenye lenta.