Programu huria ya simu ya kusikiliza muziki ulio kwenye seva yangu: nichague ipi?

Kinanda

Wadau, salaam. Baada ya miezi kadhaa ya kuhamisha sidii zangu zote, nimefikisha nyimbo zipatazo 9,000, karibu zote zikiwa faili za FLAC (zilizobanwa bila kupoteza ubora wa sauti), na nimeziweka kwenye kompyuta ya zamani inayoendesha Linux na Navidrome, programu huria ya seva ya muziki. Nikiwa nyumbani nasikiliza kupitia kivinjari bila shida yoyote. Kero yangu ni simu. Natafuta programu ambayo msimbo wake uko wazi, inayoweza kuhifadhi albamu kwa ajili ya safari zisizo na mtandao, na ambayo haitanimalizia data. Programu ya kwanza niliyoijaribu nimeifuta kwa sababu muziki ulikuwa ukikatika kila nilipozima kioo, na siku moja nikiwa njiani ilikula data niliyoipangia wiki nzima hata kabla albamu ya tatu haijaisha. Mimi natumia Android, mdogo wangu anatumia iPhone, naye anataka kuifikia maktaba hiyohiyo. Je, kosa ni la programu, la seva, au ni langu mwenyewe? Na kuna manufaa yoyote ya kuhamia Jellyfin, seva nyingine huria?

MchujaSauti

Ndugu Kinanda, kabla ya kuuliza programu ipi ni nzuri, uliza seva yako inazungumza itifaki gani, yaani kanuni za mawasiliano kati ya seva na programu ya simu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoamua una programu ngapi za kuchagua. Navidrome hutumia itifaki ya Subsonic. Seva ya Subsonic yenyewe ilifunga msimbo wake mwaka 2016, lakini itifaki ilikwisha kuenea, na hadi leo seva na programu nyingi zisizo na uhusiano wowote na mwasisi wake zinaelewana kwayo. Kwa upande wa Android utapata Ultrasonic, DSub na Tempo. Kwa iPhone ipo Amperfy. Tempo ilipopoa, watu wengine waliuchukua msimbo wake wakauendeleza kwa jina la Tempus, jambo ambalo lisingewezekana kama leseni yake isingeruhusu.

Jellyfin ina itifaki yake. Ilizaliwa Desemba 2018 kutokana na Emby, seva ya filamu na muziki, baada ya wenye Emby kuacha kuutoa msimbo wao hadharani, na programu yake huria ya muziki inayojulikana zaidi ni Finamp, ambayo ipo kwa Android na kwa iPhone pia. Ikiwa wewe na mdogo wako mnataka kutumia programu moja ili mmoja akikwama mwenzake amwelekeze, hiyo ni hoja ya kweli ya kuhama. Nje ya hapo sioni sababu: Jellyfin imebeba filamu na vipindi vya televisheni pia, na kuubeba mzigo wote huo kwa ajili ya programu ya simu, tena wakati muziki wako tayari umekaa vizuri, ni kujitafutia kazi. Ningekuwa wewe ningeweka Ultrasonic, nikamwekea mdogo wangu Amperfy, na seva nisingeigusa.

Desibeli

Nakubaliana naye, ila suala la data halitatuliwi kwa kubadili programu tu. Sauti ya sidii ambayo haijabanwa hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde. FLAC huipunguza kwa kiasi kinachotegemea muziki wenyewe, mara nyingi ikaangukia kati ya 700 na 1,000. Tuchukue 900: saa moja ya kusikiliza ni takriban megabaiti 405. Muziki uleule ukibadilishwa kuwa Opus (aina ya faili inayobanwa zaidi kwa kupunguza baadhi ya sauti) ya kilobiti 128 unakupa saa moja kwa megabaiti zisizofika 58, na kwa spika za masikioni ukiwa barabarani sidhani kama utaitambua tofauti. Mimi nimejipima mwenyewe nikashindwa, ingawa nilikuwa nimeapa kwamba nitaweza.

Navidrome inaifanya kazi hiyo yenyewe kwa kutumia ffmpeg, programu ya kubadili aina za faili za sauti na video. Programu ikishaunganishwa mara ya kwanza, jina lake hujitokeza kwenye orodha ya vichezeshi katika ukurasa wa Navidrome, na hapo unaweza kuipangia Opus pamoja na kikomo cha kilobiti, bila kuathiri kile unachosikia kwenye kivinjari. Baadhi ya programu, Ultrasonic ikiwemo, zina kikomo chao pia, kimoja cha waifai na kingine cha data ya simu.

Sasa sikiliza penye mtego. Itifaki ya Subsonic ina maombi mawili tofauti: lile la kutiririsha, ambalo hufuata kikomo ulichoweka, na lile la kupakua, ambalo kwa mujibu wa itifaki hurudisha faili asilia kama ilivyo. Programu ikihifadhi nyimbo kwa ombi la pili, kikomo chako hakina kazi hata ukikiweka mara kumi. Usibahatishe: hifadhi wimbo mmoja wa dakika nne, kisha tazama ukubwa wake. Ukikuta megabaiti nne hivi, seva imeubana. Ukikuta 25 au zaidi, umeletewa FLAC nzima.

Mkesha

Nizungumzie kukatika kwa muziki, kwani mara nyingi programu husingiziwa. Simu nyingi za Android huzima programu zinazofanya kazi nyuma ya kioo ili kuokoa betri, na programu ya muziki inayosubiri wimbo unaofuata kutoka mbali huonekana kana kwamba imelala. Ingia kwenye mipangilio ya betri ya simu, tafuta programu yenyewe, uiondolee kizuizi hicho. Pamoja na hilo, iamuru ivute mapema nyimbo mbili au tatu zinazofuata, ili mtandao ukiyumba kwa dakika chache usitambue.

Jambo jingine ambalo hukulitaja ni njia unayoifikia seva ukiwa nje. Kwenye itifaki hii nenosiri hutumwa ama likiwa limechanganywa na herufi za kubahatisha na kupitishwa kwenye MD5, njia ya zamani ya kuficha maandishi, ama, kwa njia ya zamani, likiwa wazi kabisa. MD5 si kinga ya kutegemea leo, kwa hiyo usifungue mlango wa 4533, ambao Navidrome hupokelea miunganisho, kwa ulimwengu mzima kupitia HTTP tupu, yaani bila usimbaji. Tumia HTTPS, ambayo husimba mawasiliano, au ufiche seva nyuma ya WireGuard (VPN, yaani njia ya faragha ndani ya mtandao), kisha weka WireGuard kwenye simu zote mbili. Mimi nimechagua hiyo ya pili, na mlango wa muziki hauonekani kabisa kutoka nje.

Kinanda

Nawashukuru nyote. Nimeirudisha ile programu niliyoifuta na kufanya jaribio la Desibeli: wimbo wa dakika nne ulikuwa na megabaiti 29. Nimehamia Ultrasonic, nikaipangia Opus ya 128 kwenye seva, na wimbo uleule sasa una 3.9. Kizuizi cha betri nimekiondoa na jana nimesikiliza saa mbili kioo kikiwa kimezimwa bila kukatika. Mdogo wangu ameingia kwa Amperfy akiwa na akaunti yake. Limebaki moja: albamu zenye wasanii waalikwa zinajitokeza vipandevipande, albamu moja mara nne au tano, ingawa faili zote zimo kwenye folda moja.

MchujaSauti

Folda haihesabiki hapo. Navidrome husoma lebo zilizomo ndani ya faili (maelezo kama jina la msanii na la albamu), na ikiwa sehemu ya msanii wa albamu ni tupu au inatofautiana kati ya wimbo na wimbo, kila jina litapewa albamu yake. Fungua albamu moja kwa MusicBrainz Picard, programu ya kuhariri lebo hizo, hakikisha nyimbo zote zina msanii wa albamu mmoja na tarehe moja ya kutolewa, wageni uwaache kwenye sehemu ya msanii wa wimbo, hifadhi, kisha iamuru seva ikague maktaba upya. Anza na hiyo moja uone matokeo kabla hujazigusa zote 9,000, na nakili faili zako mahali pengine kwanza, maana Picard huandika juu ya lebo za zamani.