Tupeane uzoefu: ulijuaje moyo wako unahimili hasara kiasi gani?

Mleta mada
Wakuu, kwema? Nilipofungua akaunti kwa dalali wa hisa, fomu iliuliza nahimili hatari kiasi gani. Nikatiki "kubwa" fasta, nilikuwa nimetoka kula. Nikatia milioni 3 kwenye kampuni moja pale DSE, soko la hisa la Dar. Miezi minne mbele, zimebaki milioni 2 na laki. Nikawa naamka saa tisa usiku kuangalia bei kwenye simu, na soko lenyewe halifunguliwi hadi asubuhi! Wife akaniuliza nachati na nani. Nikauza. Leteni na za kwenu.

Mama Vitenge
Kaka, kwani hela ilikuwa ya nini? Mimi ada ya mtoto ya Januari niliiweka mfuko wa uwekezaji wa pamoja wenye hisa ndani. Desemba bei ya kipande (sehemu yangu ya mfuko) ikashuka kidogo tu, jasho likanitoka. Ingekuwa hela ya kiwanja cha baadaye wala nisingeshtuka. Siku hizi ada inakaa Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ule usio na hisa, basi.

Mzee wa Kuponi
Mimi muoga na sioni haya. 2021 nilinunua hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani niliikopesha serikali; kuponi, ile riba yake, 15.95% kwa mwaka, inaingia kila miezi sita. 2022 BoT (Benki Kuu) wakashusha kuponi za mpya za miaka 25 hadi 12.56%, yangu ikawa lulu. Ila msidanganyane: wangepandisha, nami ningetaka kuuza mapema, ningeuza kwa hasara. Sijauza, ndiyo maana nalala.

Wa Nairobi
Hapa kwetu 2008 kuna hisa ziliuzwa kwa umma, watu wakapanga foleni kama za unga. Nikakopa sacco. Mwenzangu ofisini alinunua idadi ileile, lakini kwa akiba yake. Bei ilipoanguka yeye alikuwa anakunywa chai tu. Mimi kila mwisho wa mwezi nakatwa mshahara kwa kitu kinachopungua, hadi nikawa simpokei simu. Niliuza nikalipa sacco. Yeye bado anazo, na kila mwaka gawio likiingia ananiuliza kama nimekula.

Mleta mada
Mama Vitenge umenishika pabaya. Ile milioni 3 ilikuwa ya kupaua. Bati nazo zimepanda.