Binti mwenye ualbino anaanza Form One Januari, nimwandae vipi?

mama_wawili: Wakuu, binti ana ualbino na uoni hafifu. Kapangiwa sekondari ya kata, kutwa. Msingi kulikuwa na mwalimu wa elimu maalumu, huku hakuna. Nianzie wapi?

Chaki_Nyeupe: Anza na macho, sare baadaye. Apimwe upya kwenye kliniki ya uoni hafifu (hospitali ya CCBRT Dar au KCMC Moshi). Miwani peke yake haimalizi tatizo kwa sababu retina (sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga) nayo ina kasoro, kwa hiyo ulizia darubini ndogo ya mkono ya kusomea ubaoni. Omba ripoti ya maandishi. Kopi moja mpe mkuu wa shule, moja mwalimu wa taaluma, moja afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Wengi hukwama hapa: wanaongea na mkuu wa shule tu. Sekondari kila somo lina mwalimu wake, na taarifa huishia ofisini. Andika nusu ukurasa, kila mwalimu apate wake: akae mbele katikati, dirisha liwe mgongoni kwake, mwalimu atamke anachoandika ubaoni, majaribio yachapwe kwa herufi za saizi 18 au zaidi.

Karatasi iliyochapwa tayari, peleka steshenari ikuzwe kutoka A4 hadi A3. Hiyo ni asilimia 141, herufi ya saizi 12 inafika kama 17. Tumia nakala halisi. Kopi ya kopi hufifisha mistari ya grafu na michoro ya baiolojia.

Kidawati: A3 sikubaliani sana, inajaa dawati lote na jirani analalamika. Vitabu vipo maktaba mtandao ya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania), asomee kwenye tableti nyumbani. Shuleni usimpe bila kibali cha maandishi, atanyang'anywa.

mzee_wa_taaluma: Msisahau upimaji wa kidato cha pili. NECTA (Baraza la Mitihani) hutoa karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa ya hisabati, 10 masomo mengine. Haviji vyenyewe, shule lazima imsajili kama mwenye uoni hafifu. Fuatilia kabla usajili haujafungwa.

mama_wawili: Asanteni sana. Na jua la mstarini?

Chaki_Nyeupe: Barua ya ruhusa mapema: kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, usafi wa nje afanye asubuhi au apewe kazi ya kivulini. Losheni ya jua iwe SPF (kiwango cha kinga) 30 kwenda juu. Losheni ya Kilisun inatengenezwa hapo hapo KCMC. Apake kabla ya kutoka, arudie kila baada ya saa mbili akiwa juani. Shingo na masikio ndiyo husahaulika.