Viti vya nje visivyotakiwa kukaa nje: wauza fanicha wa mitandaoni mmetuchosha watu wa pwani

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha. Leo mniache niteme nyongo, na kama kuna muuza fanicha humu ndani, povu ruksa, lakini asome mpaka mwisho kwanza.

Niko Tanga mjini, pande za Raskazone. Wanaopajua wanajua raha ya baraza za huku: jioni upepo wa bahari unaingia bure, feni ya nini. Nilichotaka ni viti vya kupumzikia pale barazani, vile vipana vya kujilaza, na matakia yake, na kimeza katikati cha kuwekea chai na vitumbua. Ngamiani nimeizunguka barabara zote, nikakuta sofa za sebuleni na viti vya plastiki vya kukodisha misibani. Ndipo nikaangukia ukurasa wa duka moja la Dar. Jina silitaji, sitaki uzi wangu uondolewe.

Tangazo linasema hivi, na picha yake ninayo kwenye simu: "Viti vya nje, fremu aluminiamu, havishiki kutu, vinahimili jua na mvua." Bei? "Njoo inboksi kipenzi." Jamani, mtu anayejivunia bidhaa yake anaifichia nini bei? Haya, tukaingia inboksi: seti ya viti vinne na meza, laki tisa na nusu, usafiri juu yangu.

Na maswali niliuliza kabla sijatuma hela, msije mkanirukia. Fremu ni aluminiamu kweli? Ndiyo boss. Huu ufumaji wa kukalia unahimili jua? Wa nje kabisa boss. Nani atakuja kuviunga? Fundi tunaye hukohuko Tanga, atakufuata mlangoni. Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikapewa, imeandikwa "seti ya viti vya nje". Shikeni hapo.

Mzigo ukashushwa stendi ya Kange, maboksi mawili, moja kona imelowa. Nikampigia fundi. Mji wetu watu wanautania "waja leo waondoka leo", huyu hata kuja hakuja. Mara ya kwanza yuko Muheza. Nikipiga tena, Korogwe. Mwisho alikuwa Mombo, nikaona nikiendelea kumpigia atavuka Moshi.

Basi nikakaa chini na mpwa wangu, tukafungua wenyewe. Karatasi ya maelekezo ni michoro mitupu, haina neno hata moja. Bolti zote zimemwagwa ndani ya kifuko kimoja, ndefu na fupi zimepishana kidogo tu, usipozipanga sakafuni ukazipima mojamoja hutazitofautisha. Ndefu ikiingia mahali pa fupi, ncha inatokeza upande wa pili kwenye ufumaji, na utaipata habari yake siku utakapokaa umevaa kanga.

Kwa asiyejua, viti vya namna hii havikazwi bolti mojamoja. Unazipachika zote kwa vidole kwanza, unakisimamisha kiti kwenye sakafu iliyonyooka, unakitikisa mpaka miguu yote minne ikanyage, ndipo unakaza kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Ukiikaza ya kwanza mpaka mwisho wake, ya mwisho haitaliona tundu. Ndivyo tulivyofanya, kwa adabu zote, na bado mguu wa nyuma wa kiti kimoja tundu lake na la fremu yamepishana nusu kwa nusu. Limetobolewa vibaya hukohuko kiwandani, hakuna ufundi wa kulirudisha. Alenki waliyotupa, ile spana ya kukazia bolti, ilikuwa laini kama mshumaa, kona zake zilishaliwa kabla hatujamaliza kiti cha pili. Nati moja imekuja nyuzi zimekatika. Bolti mbili hazimo kabisa. Na vile vifuniko vya plastiki vya kuziba miguu kwa chini vimepungua.

Mtaona vifuniko ni jambo dogo. Si dogo. Mguu usio na kifuniko unakwaruza vigae, rangi inabanduka, na kila ukideki maji yanaingia kwenye bomba. Lakini vilinisaidia kitu kimoja: nilikipindua kiti nione nitaziba na nini, nikachungulia ndani ya mguu. Ndani kwekundu.

Wakuu, aluminiamu haitoi kutu nyekundu. Chumvi ikiishambulia inatoa unga mweupe. Nikamwambia mpwa alete sumaku ya ile spika mbovu iliyopo stoo. Kuisogeza tu, ta! Imenasa. Kiti cha pili, ta! Cha tatu, cha nne, mpaka meza. Sumaku hainasi aluminiamu, hilo linafundishwa shule ya msingi. Ni bomba za chuma, nyepesi kwa sababu ni nyembamba, zimepakwa rangi nyeusi kwa nje na ndani hazina kitu. Hata kingekuwa chuma kilichochovywa zinki ya kuzuia kutu ningemeza hasira. Hiki ni chuma na rangi basi. Halafu ule ufumaji umeshikizwa kwa pini zilizopigiliwa juu ya rangi hiyohiyo, kila pini imefungua kijitundu cha kuingizia chumvi. Masika yalipoanza, michirizi ya kutu ikateremka kutoka kwenye pini hadi kwenye vigae vyangu vyeupe. Vigae hivyo nani atanilipa?

Matakia ndiyo usiseme. Sponji ya takia la nje huwa ina matundu makubwa, maji yanapita yanatoka chini. Haya yamejazwa sponji ya godoro. Rasharasha moja tu yanakunywa maji yote, yanakaa na unyevu siku kadhaa, na kwa joto la huku ukungu hauchelewi. Ungetaka kuyavua kava uyafue, hayana zipu. Yameshonwa pande zote.

Kimo nacho. Tangazo halikuandika kipimo chochote, na nilipouliza nikajibiwa "saizi ya kawaida". Kalio la kiti liko sentimita 30 kutoka sakafuni. Kwa kijana sawa, anajilaza. Mama yangu ana magoti, kukaa anakaa, kunyanyuka mpaka tumvute watu wawili. Kwa mtu mzima anahitaji kama sentimita 45 hivi, na mikono ya kiti iwe imara ya kujisukumia. Sasa amerudi kwenye kibaraza cha saruji alichojengewa na marehemu baba. Hakijawahi kuota kutu.

Nikarudi kwa muuzaji na picha zote. Someni majibu haya taratibu.

La kwanza: "Boss, viti vya nje maana yake nje iliyoezekwa." Baraza langu limeezekwa. La pili: "Basi ni upepo wa huko Tanga, una chumvi sana." Ndugu yangu, wewe uko Dar! Bahari ya Hindi ni hiyohiyo, au ya kwenu ina sukari? La tatu, hili ndilo lililonitoa usingizini: "Tunashauri usiku uviingize ndani, na mchana visipigwe jua." Yaani viti vya nje, vinavyohimili jua na mvua, visiguswe na jua wala mvua, na usiku vilale sebuleni. Nilipomwandikia habari ya sumaku akajibu "mali ikishauzwa hairudishwi", kisha nikala bloku.

Hiyo "mali ikishauzwa hairudishwi" wengi tumeizoea ukutani kwenye maduka mpaka tunaiogopa kama sheria. Si sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, ile inayosimamiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mnunuzi. Umeandika aluminiamu, umeleta chuma, tunabishana nini tena? Risiti ninayo, tangazo ninalo, mazungumzo ninayo, na video ya sumaku ikigota ninayo, sauti yake safi kabisa. Barua naiandika.

Najua atatokea mdau wa kuniambia nisugue msasa, nipige praima, nipake rangi upya. Nje nitapaka. Ndani ya bomba brashi inapita wapi? Kutu ya hizi bomba inaanzia ndani. Na wale wa "rahisi ni ghali" piteni kimya tu, laki tisa na nusu si rahisi kwa mtu wa Tanga wala wa Masaki.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni hiki. Hapo Muheza kuna shamba la miti la Longuza, misaji tele, wengine mnaiita mitiki. Mbao yake ina mafuta yake yenyewe, mchwa hawaipendi, ndiyo wazungu walikuwa wanatandikia sitaha za meli. Jua na mvua vikiipiga inageuka kijivu, basi. Magogo yanapita mbele ya macho yetu, halafu tunanunua chuma kilichopakwa rangi kilichovuka bahari kuja kuoza barazani kwetu! Mafundi seremala wa Tanga mko hodari, vitanda na milango yenu naijua, ila ukimuuliza mtu kiti cha kupumzikia cha barazani anakuchorea sofa.

Kwa hiyo fundi yeyote wa hapa mjini anayesoma hii: nataka viti viwili vya msaji mkavu, kalio la mbao zilizoachana ili maji yapite, kimo sentimita 45, mikono mipana, skrubu za shaba au stenlesi, si misumari. Nusu ya hela nakupa unapoanza. Nusu iliyobaki utaichukua mama akishakaa na kunyanyuka mwenyewe.