Mjadala: Je, taasisi za umma ziache kutumia viungo vifupi vya kampuni nyingine?

Swali lililo mbele yetu ni iwapo hospitali, vyuo na ofisi za serikali ziendelee kuweka viungo vilivyofupishwa na kampuni nyingine, yaani anwani fupi zinazompeleka mbofyaji kwenye anwani ndefu ya tovuti, katika matangazo yao. Wanaotetea wamesema kwamba kiungo kifupi hakijazi ujumbe wa simu, kwamba humwezesha mtoa tangazo kuhesabu waliobofya, na kwamba mwenye shaka anazo zana za bure za kukikagua. Mimi nasema ziache, na sababu yangu kubwa imo katika hoja hiyo ya ukaguzi.

Sikatai kwamba ufupishaji ulianza kwa haja ya kweli. TinyURL, huduma ya kufupisha viungo, ilipoanzishwa mwaka 2002, anwani ndefu zilikuwa zikikatika katikati ya barua pepe, na baadaye kikomo cha herufi 140 cha Twitter kiliongeza haja hiyo. Siku hizi mtandao huo, unaoitwa X, huhesabu kila kiungo kuwa herufi 23, kiwe kirefu au kifupi.

Tazameni sasa ukaguzi wenyewe anaotwishwa mpokeaji. Anashikilia kidole juu ya kiungo mpaka menyu itokee, ananakili, anafungua kivinjari, anabandika, kisha anaongeza alama ya + mwishoni ikiwa ni cha Bitly, huduma nyingine ya ufupishaji, au neno «preview» na nukta mbele ya jina la tovuti ikiwa ni cha TinyURL, ndipo aone anwani kamili. Akitaka uhakika zaidi, anaipeleka VirusTotal, ambayo huilinganisha na orodha za vyombo vingi vya usalama. Ni zana nzuri, nami huitumia, lakini jibu lake ni la saa ile tu: tapeli anaweza kuelekeza kiungo kwenye ukurasa safi asubuhi, akaugeuza jioni. Isitoshe, anwani iliyopelekwa huko yaweza kuonekana na watu wengine, jambo la hatari ikiwa ni ya kubadilishia nenosiri au ya kufungulia faili binafsi. Mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo hatafanya hayo yote, atabofya. Na kwa kuwa hospitali yake imemzoesha kubofya herufi saba zisizo na maana, siku tapeli atakapomtumia herufi saba nyingine, hatakuwa na cha kutofautishia.

Lipo pia suala la uhai wa viungo. Google ilianzisha huduma yake ya ufupishaji, goo.gl, mwaka 2009, ikaacha kutengeneza viungo vipya mwaka 2019, kisha mwaka 2024 ikatangaza kwamba vilivyobaki vitakufa tarehe 25 Agosti 2025. Wiki chache kabla ya tarehe hiyo ilivinusuru vile vilivyokuwa bado vikitumika, na uamuzi huo haukuwa mikononi mwa waliovichapisha vitabuni. Wanaopenda anwani zinazoishia na .ly nao wakumbuke kwamba hiyo ni milki ya Libya, ambayo mwaka 2010 iliifungia huduma ya vb.ly kwa kutoridhishwa na maudhui yake. Karatasi ikishachapwa, hakuna wa kuirekebisha.

Kuhusu hesabu ya wabofyaji, seva ya taasisi yenyewe inaweza kuifanya, bila kukabidhi kwa kampuni nyingine kumbukumbu za nani alifungua tangazo la ugonjwa gani na saa ngapi.

Ufupi ninaoukubali ni ule unaojengwa ndani ya anwani ya taasisi: jina lake kamili la tovuti, mkwaju (/), kisha neno moja linaloeleweka, kama «chanjo» au «matokeo». Fundi wa tovuti huuweka kwa dakika chache, msomaji anaukumbuka, na hahangaiki kubahatisha kama alama fulani kwenye karatasi ni herufi l ndogo, I kubwa au tarakimu 1. Wanaotetea huduma za nje watueleze ni tangazo gani la umma lisiloweza kupelekwa kwa njia hii.