Ndama kazaliwa alfajiri, hasimami wala hanyonyi, naombeni msaada wa haraka

Mfugaji_Njombe
Wakuu habari za asubuhi. Mtamba wangu chotara wa Friesian kazaa leo saa kumi alfajiri, ndo uzao wake wa kwanza, ndama akakwama njiani mpaka tukasaidiana kuvuta na jirani. Katoka anapumua ila mpaka sasa saa mbili kasoro amelala ubavu tu, akijitahidi kuinua kichwa kinaanguka. Nimempelekea chuchu hashiki kabisa. Na baridi ya huku mwezi huu wa saba mnaijua. Mama nishamkamua, nina dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) kama lita tatu kwenye ndoo, nzito ya njano. Nimnyweshe kwa chupa ya soda? Bwana mifugo nimempigia yuko kijiji kingine, atafika mchana. Mwaka jana nilipoteza mmoja hivi hivi, nilimkinga chupa mdomoni akawa anakohoa, siku ya tatu akafa. Jamani roho inaniuma, sitaki yajirudie.

MamaMaziwa
Pole sana ndugu yangu. USIMNYWESHE BADO. Muingize kidole mdomoni sasa hivi, vidole viwili ukiweza, useme hapa mdomo ni wa moto au wa baridi na kama anakifyonza kidole. Ulimi ukiwa baridi kama umegusa chupa iliyotoka kwenye friji, huyo kapoa mwili na maziwa hayatamsaidia mpaka apate joto kwanza. Kama una kipimajoto hata hiki cha watoto mpime njia ya haja kubwa, ndama mzima anasoma 38.5 mpaka 39.5, akiwa chini ya 38 anza kumpasha. Na usimwache alale ubavu, mkalishe kifudifudi juu ya kifua, miguu ya mbele umkunjie chini yake, umweke magunia ya nyasi huku na huku asianguke, akikaa hivyo mapafu yote mawili yanafanya kazi.

Mfugaji_Njombe
Mdomo baridi, hafyonzi kabisa. Kipimajoto kinasoma 36.4

MamaMaziwa
Basi mtoe bandani muingize ndani ya nyumba, usione aibu, mimi wangu walishalala jikoni. Mfute akauke kabisa, msugue kwa gunia kwa nguvu kama mama yake anavyomlamba, halafu jaza maji ya moto kwenye madumu, yafunge kwa khanga umuwekee ubavuni na kifuani. Ukiwa na pipa lililokatwa au beseni kubwa mzamishe maji ya vuguvugu shingo nje, umshike kichwa muda wote, ukimtoa umkaushe mpaka manyoya yasimame. Jiko la mkaa usiweke chumba kilichofungwa, hewa yake inaua ndama na watu.

Kijana_wa_Mkoani
Mi babu alikuwa anawaning'iniza miguu juu kichwa chini uchafu utoke puani, jaribu na hiyo mkuu

AfisaMifugo_Mstaafu
Hapana kijana, kwa huyu usifanye. Yale maji yanayotoka ukimning'iniza mengi yanatoka tumboni sio kwenye mapafu, na tumbo linamkandamiza asipumue vizuri. Kama anakoroma mchokonoe puani na jani kavu apige chafya, inatosha.

Sasa kuhusu dang'a. Ndama wa ng'ombe hazaliwi na kinga ya mama kama mtoto wa binadamu, kinga yote iko kwenye hiyo ndoo yako, na utumbo wake unaipitisha vizuri masaa sita ya mwanzo, baada ya hapo mlango unafunga kidogo kidogo, ikifika siku nzima umefungwa. Kwa hiyo una haraka ila usiharakishe vibaya. Akishaanza kukivuta kidole mpe kwa chupa yenye nyonyo, akiwa amekaa kifuani, mdomo usipande juu ya macho. Ndama wa kilo 35 anatakiwa apate kama lita tatu na nusu, huyu dhaifu mpe kidogo kidogo, lita moja, apumzike, nyingine. Hiyo uliyokamua ipashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, usiichemshe, ukichemsha unaua kinga. Akigoma kabisa kufyonza ni mpira wa tumboni, na huo aupitishe anayejua tu, maana shingoni kuna mabomba mawili, la hewa gumu lenye pete, ukikosea unamjaza mapafu. Ndicho kilichompata wa mwaka jana nadhani, japo hukutumia mpira. Mpigie tena bwana mifugo umwambie aje nao.

Na kitovu, ichovye ayodini leo hii, usisahau kwenye hekaheka.

Mfugaji_Njombe
Wakuu mrejesho. Saa nne na nusu joto lilifika 38.1, nikaweka kidole akakivuta!! nikapiga kelele mke wangu akadhani amekufa. Kanywa lita moja taratibu, baada ya muda nyingine na nusu. Bwana mifugo kafika saa saba, kasema mguu wa nyuma umeumia kidogo wakati wa kuvuta. Jioni hii kasimama tumemshika mapajani, akatetemeka akakaa. Dang'a iliyobaki nimeiweka kwenye friji ya dukani kwa jirani. Usiku nimwamshe kila baada ya masaa mangapi?

MamaMaziwa
Mungu mkubwa. Kila masaa matatu manne, na kila ukiamka mgeuze upande aliolalia.