Mbio za mtaa Lubumbashi: kilomita 10, kilomita 5 au kujitolea?

Yaya_Kampemba

Jambo yenu wote. Nina wiki tatu za kuamua, na kila ninayemuuliza hapa nyumbani ana jibu lake.

Mbio za mtaa wetu ni Jumamosi, katikati ya Julai. Kuna kilomita 10 na kuna kilomita 5. Kamati inatafuta pia watu wa kujitolea: meza za maji, njia panda, krono (kupima muda), na mtu wa kushika mkia, yaani yule anayetembea nyuma ya wote mpaka mwisho. Nimekuwa nikikimbia tangu mvua za Januari, mara tatu kwa wiki, alfajiri kabla bisi hazijajaa barabara ya Kasenga. Kilomita 5 nazimaliza kwa dakika 36 au 37. Kilomita 10 nimezifikisha mara mbili tu, na mara ya pili nilitembea kipande kizima cha mwisho.

Naona njia tatu. Nijiandikishe kilomita 10 nijipime. Au nikimbie 5 pamoja na mama mdogo, ambaye ameniahidi tangu Pasaka kwamba atatoka nami. Au niache kukimbia nijitolee, maana kamati imeniomba mara mbili na watu hawatoshi. Kujiandikisha ni kama bei ya bukari (ugali wetu) na samaki kwa watu wawili. Kujitolea ni bure, lakini siku nzima inakwenda.

Msinijibu ili kunifurahisha. Mliokimbia na mliojitolea, mlipata nini, mkapoteza nini?

Mwalimu_Katuba

Kimbia 5. Nakueleza kwa nini.

Kilomita 10 ulizozifikisha mara mbili bado hazijawa zako. Katika wiki tatu huwezi kuongeza nguvu za maana, utaongeza uchovu tu. Halafu siku ya mbio kuna kelele, ngoma, vijana wanaoruka mstarini. Mwili unavutwa, kilomita ya kwanza unaikimbia kama unafukuzwa, na deni lake unalilipa kwenye kilomita ya saba. Nimewafundisha watoto wa shule mbio za masafa kwa miaka mingi na kosa hilo naliona kila mwaka, hata kwa wakubwa. Kipimo changu ni rahisi: katika kilomita mbili za mwanzo uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa, punguza.

Kumbuka pia tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Julai ni baridi na vumbi. Hewa kavu ya asubuhi inakwaruza koo.

Kujitolea ni kuzuri, lakini kimbia kwanza. Aliyewahi kukaukwa na koo mwenyewe hunyoosha kikombe kwa namna nyingine.

Mama_Maji_Kenya

Mwalimu, kwa heshima yako, hapo mwisho sikubali. Mimi wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, sijakimbia hata kilomita moja tangu nizae mtoto wa pili, na meza yangu ya maji haijawahi kulalamikiwa.

Yaya, acha nikueleze kazi ya maji ilivyo, maana watu wanadhani ni kumimina tu. Meza ya kwanza ndiyo inayovamiwa. Wote wanaisimamia hiyo hiyo, wanagongana, na meza ya tatu inabaki imejaa vikombe. Kwa hiyo sisi tunamweka mtu hatua 20 kabla ya meza, kazi yake ni kupaza sauti: "Maji yapo mpaka kule mwisho, msisimame!" Kikombe unakijaza nusu, kikijaa chote kinamwagikia mkimbiaji kifuani, na asubuhi ya Julai maji hayo ni barafu. Unakiweka juu ya kiganja kilicho wazi, mkono umenyooka, akichukue mwenyewe. Ukikishika kwa vidole vitano mtang'ang'aniana. Na unarudi hatua moja nyuma anapokuja, usimfuate.

Vifuko vya maji vya plastiki ni tabu nyingine. Mkimbiaji anang'ata kona, anakunywa mara mbili, anatupa. Ukiviacha, mvua za Novemba zinavisukuma kwenye mitaro na mtaa unajaa maji. Ndiyo maana mimi nadai magunia kabla ya kudai maji. Mwaka jana tulikusanya magunia manne, na watoto waliookota tuliwapa mikate na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

Nilichopata mimi? Wanaokimbia wanawaona walio karibu nao tu. Mimi ninawaona wote, wa kwanza hadi wa mwisho, nyuso zao zote. Hilo halina medali, lakini silibadilishi na kitu.

Kijana_Ruashi

Mimi nitasema upande ambao haupendezi. Nilijitolea mara moja, si kwenye mbio hizi. Waliniweka njia panda saa 12 asubuhi, jua linachomoza, wakanipa gile ya njano, yaani kizibao cha kuonekana mbali, na kibendera. Bila filimbi, bila maji, bila namba ya simu ya mtu yeyote. Pikipiki zilinipita kushoto na kulia, dereva mmoja wa bisi akanitukana. Saa 5 nilikuwa bado nimesimama pale. Mbio zilikuwa zimekwisha zamani, wamegawana chakula, na hakuna aliyekuja kuniambia. Nilijua kwa sababu mama wa nyanya upande wa pili aliniuliza, "Mtoto, unamngoja nani?"

Kwa hiyo yaya, kabla hujakubali, uliza. Nafika saa ngapi? Nani atanipokea? Nani ananiambia kwamba nimemaliza? Nikienda haja nani anashika nafasi yangu? Wasipojua kujibu, lipa pesa ukimbie.

Mama_Maji_Kenya

Pole sana mtoto wangu. Hilo lilikuwa kosa la waliokuweka pale. Maswali yako nimeyaandika, nitayapeleka kwenye mkutano wa Jumatano.

Mkatanga_Joburg

Salamu kutoka Johannesburg. Nimekulia Kamalondo, hapo Lubumbashi, huku nina mwaka wa 9.

Huku kila Jumamosi saa 2 asubuhi watu wanakutana kwenye bustani kwa kilomita 5 za parkrun. Ni bure kabisa. Ilianza London, kwenye Bushy Park, tarehe 2 Oktoba 2004, Paul Sinton-Hewitt akiwa na wakimbiaji 13. Afrika Kusini iliingia mwaka 2011 kupitia Delta Park, na aliyeileta ni Bruce Fordyce, yule aliyeshinda Comrades, mbio ndefu sana za Afrika Kusini, mara 9. Nawatajia hayo kwa sababu ya jambo moja linalohusu swali la yaya: kule hakuna kabila la wakimbiaji na kabila la wasaidizi. Ni watu wale wale. Wiki hii unakimbia, wiki ijayo unagawa kadi za namba mstarini. Wanahesabu mara ulizokimbia, na wanahesabu pia mara ulizojitolea, na hatua za pande zote mbili zinapigiwa makofi.

Na kila wiki lazima awepo wa kushika mkia. Ni mtu wa kujitolea, na kwa kazi hiyo ndiye anayevuka mstari mwisho. Maana yake hakuna mgeni, mzee wala mama mjamzito anayeweza kuwa wa mwisho, hata akitaka. Nilipofika huku mara ya kwanza nilikuwa mzito, kilo 104, na niliogopa macho ya watu. Mzee mmoja alitembea nami kilomita zote 5 akinionyesha ndege. Sikumbuki muda wangu wa siku ile, ila ndege mmoja mwenye mdomo uliopinda nakumbuka mpaka leo.

Yaya, wewe unamaliza 5 bila shida. Shika mkia. Unapata njia yote kwa miguu yako na unajitolea humo humo.

Mwalimu_Katuba

Hoja ya Johannesburg ina uzito. Ila asidhani ni kutembea tu. Anayeshika mkia lazima ajue lini amwambie mtu asimame.

Kwenye marathoni ya Olimpiki ya London, tarehe 24 Julai 1908, Dorando Pietri wa Italia aliingia uwanjani wa kwanza akiwa amechoka hata hajui upande. Alianguka mara kadhaa, maofisa wakamwinua, wakamsaidia mpaka mstarini. Wakamwondoa kwenye matokeo kwa sababu aliguswa, na ushindi ukaenda kwa Johnny Hayes wa Marekani. Watu huikumbuka kama hadithi ya huruma. Mimi nawauliza wanafunzi wangu swali lingine: kwa nini hakuna aliyemlaza chini? Kwenye mbio za mtaa hakuna medali ya kulinda. Mtu akiyumba, mshike, mkalishe, mwite muuguzi.

Muuguzi_Wa_Usiku

Aksanti Mwalimu, umenitangulia. Naongeza machache, niko zamu.

Aliyekuwa na homa wiki hiyo asikimbie, awe amepima malaria au hajapima. Hata kama ameshajiandikisha. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au jasho la baridi linalokuja ghafla: anasimama, na hakuna kubembelezana. Maji yasizidi pia. Kwa kilomita 5 katika baridi ya Julai, kunywa nyumbani kabla na kunywa ukimaliza kunatosha kwa wengi. Nimeona watu wanamlazimisha mkimbiaji kunywa lita nzima wakidhani wanamsaidia. Maji mengi mno kwa mkupuo yanashusha chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari.

Na mwenye kushika mkia awe na simu iliyojaa chaji, yuniti, na namba yangu.

Krono_Kamalondo

Hakuna aliyeitaja krono, na mimi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Mwaka mmoja nilipima muda kwenye mbio za shule fulani. Mimi nabonyeza kila mtu anapovuka, mwenzangu anagawa kadi zenye namba, 1, 2, 3, kwa mpangilio wa kufika. Baadaye muda wa kwanza unakwenda na kadi ya kwanza, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwenye mtu wa 43, mtoto mdogo aliruka kamba, akavuka mstari akimkimbilia mama yake. Kidole changu kikabonyeza. Mwenzangu hakumpa kadi, kwa sababu aliona ni mtoto tu. Kuanzia hapo kila mtu alipewa muda wa aliyemtangulia, na sisi hatukujua mpaka mwisho, tulipokuta muda mmoja umebaki bila mwenyewe. Dada wawili walibishana nusu saa juu ya sekunde 11, na wote wawili walikuwa na haki ya kukasirika. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa.

Tangu siku hiyo, kila watu 10 tunaitana. Mimi: "Ishirini!" Mwenye kadi: "Ishirini!" Tukitofautiana, tunaandika hapo hapo saa ngapi na namba gani, tunaendelea. Na anakuwepo mtu wa tatu mwenye kalamu na karatasi, kwa sababu simu huzima.

Yaya, kama unapenda kazi ya akili iliyotulia, njoo kwenye krono. Kama unapenda watu, nenda nyuma. Kilomita 10 ziache mpaka mwakani. Zitakungoja.

Yaya_Kampemba

Aksanti kwa wote. Nimesoma kila kitu mara mbili, mara ya pili nikimsomea mama mdogo kwa sauti.

Nimeuliza maswali ya Kijana wa Ruashi. Matatu walinijibu papo hapo. La nne, la nani atanishikia nafasi, walitazamana, kisha wakamtafuta mtu. Nitashika mkia kwenye kilomita 5. Kilichonigusa kuliko vyote ni yule mzee wa ndege. Hofu yangu ni mama mdogo, nitakuwa nimemwacha.

Mwalimu_Katuba

Mama mdogo nitamkimbiza mimi, polepole. Aje na viatu alivyokwisha kuvizoea, asinunue vipya.

Yaya_Kampemba

Jumamosi imepita. Nawapa habari.

Kulikuwa na baridi ya kuuma vidole, na vumbi lilikaa chini mpaka watu walipoanza kukanyaga. Kwa kilomita mbili nilikuwa na kundi la watu tisa. Wakapungua kidogo kidogo, wakitangulia mmoja mmoja, mpaka nikabaki na mama mmoja, nadhani ana miaka 60, kitenge juu ya suruali ya michezo na sandali za ngozi. Kwenye kilomita ya tatu kamba ya sandali ya kushoto ilikatika. Nilikata kipande cha ule utepe mwekundu na mweupe uliokuwa ukizuia njia, tukaifunga mara tatu kuzunguka kisigino. Alinieleza kwamba mume wake alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, na kwamba zamani alikuwa akimpelekea chakula kwa miguu njia hii hii, mtoto mgongoni. Kijana wa Ruashi nilimkuta njia panda! Safari hii alikuwa na filimbi. Alisimamisha bisi mbili mpaka tukapita, nikamwambia, "Sisi ndio wa mwisho, umemaliza." Akatufuata nyuma na kibendera chake.

Tulipofika mstarini ngoma zilikuwa zimenyamaza, lakini mwenye krono alikuwa bado amesimama, na mwenye kadi pembeni yake. Mama alinisukuma mbele, eti mimi nina watoto wadogo nyumbani. Nikakataa. Nilibaki hatua mbili nyuma yake, akavuka, akapewa kadi, akaitazama pande zote mbili kabla ya kuiweka ndani ya kitenge. Dakika 71.

Mama mdogo alitumia dakika 48. Ameshaniuliza mbio nyingine ni lini.

Mama Maji, magunia mawili ya vifuko yako kwangu, na vikombe safi vilivyobaki pia. Nitakuwepo nyumbani Jumatatu jioni, uje na mkokoteni.